Bwana Ameniacha na Kigugumizi Changu

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Naomba mnivumilie. Mnanijua, maneno yangu hutoka kwa foleni, na mengine hugoma kabisa. Lakini leo nitasema!

Ndugu zangu, mimi nauza vitenge Kariakoo, kwenye fremu ya duka aliyoniachia marehemu mama. Kwa sababu ya kigugumizi hiki, nilipoanza kuuza mtandaoni nilifurahi mno. Napiga picha ya kitenge, naiweka kwenye ukurasa wangu, mteja anaandika, namjibu kwa kuandika, bodaboda anapeleka mzigo. Siongei na mtu. Nilijiona nimepona!

Kumbe kuna tapeli alikuwa anachukua picha zangu, anaziweka kwenye ukurasa aliouita jina la duka langu, halafu anawatumia watu vitenge vya hovyo vinavyochuja rangi. Mimi sina habari. Siku moja akaingia dukani mama mmoja wa Ilala, Mama Rehema, ameshika kitenge kilichomharibia nguo zote alizofua nacho. Akanionyesha simu. Picha ni yangu, ukuta ni wangu, hata mkono ulioshika kitenge ni wangu! Nikataka kusema, "Si mimi, mama." Ndugu zangu, ile "si" haikutoka! Nilibaki s-s-s, machozi yananitiririka, watu wamejaa mlangoni. Mama Rehema akawageukia, "Mnaona anavyobabaika? Mwizi huyu!"

Jina la utapeli likanikaa. Wateja wakapotea, nikamwambia mwenye jengo kwamba mwezi ukiisha namrudishia ufunguo. Fremu ya mama yangu! Nililia mbele za Mungu. Baba, tangu utoto nakuomba unifungue ulimi, unangoja nini?

Aliyenikatalia ni Salma, jirani yangu anayeuza mabaibui. "Shoga, funguo hurudishi. Ingia laivu, wakuone na wakusikie."

Nikamuuliza nitaongeaje.

"Kwani wanakuja kununua mdomo au kitenge?"

Basi nikapiga magoti nyuma ya majora, nikaomba, nikaingia laivu. Salma ndiye aliyeshika simu. Nikaanza, "Ndugu wa-wa-wa..." Watu wakaandika, dada, mtandao wako unakatika! Salma akacheka, akawaambia kwa sauti, "Mtandao mzima kabisa. Ndivyo anavyoongea. Subirini."

Na wakasubiri, ndugu zangu! Watu wasionijua, wenye shughuli zao, wakanisubiri nimalize neno. Nikakitumbukiza kitenge kwenye beseni la maji mbele ya macho yao, nikakisugua, nikakikamua. Maji yakabaki safi vilevile.

Ndipo ukaingia ujumbe, Salma akausoma kwa sauti. Ulitoka kwa Mama Rehema. "Jamani, huyu dada nilimtukana mimi dukani kwake, nikidhani anababaika kwa kuwa ni mwizi. Kumbe hata kusalimia anasalimia hivyo. Aliyeniuzia mimi nilizungumza naye kwenye simu, anaporomosha maneno kama cherehani. Siye huyu. Mwanangu, nisamehe."

Haleluya! Kile nilichokuwa namsihi Mungu akiondoe ndicho kilichosimama kunitetea! Ufunguo bado ninao. Picha bado naweka, maana zina msaada wake, lakini wateja wangu husubiri laivu kwanza. Wanasema wasiponisikia nikikwama, hawanunui. Na Mama Rehema hakosi, nikichelewa kuingia ananitafuta kama mama anavyomtafuta mtoto.

Ndugu yangu uliyekaa hapo na jambo lako unalolionea aibu, mpe Bwana. Labda ataliondoa. Mimi hakuliondoa, ila aliondoa hofu, na leo nasimama mbele yenu kwa mdomo huu huu. Aliyenisubiri mimi hatakuchoka wewe.

Namshukuru Mungu, namshukuru Salma, nawashukuru ninyi mlionisubiri mpaka hapa. Limebaki neno moja tu, na hilo hunigomea kila Jumapili. A-a-a... Nisaidieni, kanisa, tuliseme wote!