Mwalimu Dorcas Kamanthe Ndolo, Aliyechora Watu Wakienda

Marehemu Mwalimu Dorcas Kamanthe Ndolo alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 huko Masii, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimeu na marehemu Mama Syombua. Mama yake alikuwa akisema kwamba binti huyo alichelewa kusema, lakini hakuchelewa kutazama.

Alianza masomo mwaka wa 1964 katika shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto. Siku moja darasa liliagizwa kuchora Waisraeli wakivuka bahari, naye akachora migongo tu.

"Musa yuko wapi?" mwalimu akamwuliza.

"Ametangulia, mwalimu."

Alipewa alama chache, ila mchoro huo ulibaki ukutani hadi karatasi ikageuka rangi. Mwaka wa 1976 alijiunga na chuo cha ualimu mjini Machakos, akahitimu mwaka wa 1978.

Alifundisha katika shule za msingi za Mwala na Machakos hadi alipostaafu mwaka wa 2017, na somo la sanaa ndilo lililomjengea jina. Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa takatifu na Bwana Erastus Ndolo, mfanyakazi wa reli katika kituo cha Konza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mueni na Kyalo, na nyumba yenye utani mwingi.

Baada ya kustaafu alijitwika kazi ambayo wengi wetu hatukuielewa upesi: kuchora umati wa watu wasiojulikana, wakiwa katika mwendo. Siku za soko aliketi na ubao wake mbele ya duka la mbegu. Bi. Mwihaki, mwuza vitunguu, alimjia mikono kiunoni.

"Wewe ni wa kaunti? Unatuandika?"

"Nachora tu, mama."

"Basi usinitie uso. Bila uso, ushuru ataitishwa nani?"

Soko likacheka. Mwalimu aliahidi, na tangu siku hiyo hakumchora mtu yeyote uso.

Ahadi hiyo ilimletea taabu, kwa maana watu wale wasio na nyuso walikataa kutembea. Kila jioni alimwonyesha mumewe kazi ya siku, na Bwana Ndolo, aliyetazama abiria maisha yake yote, hakumwonea huruma.

"Mama Mueni, hawa wamesimama."

"Angalia miguu, Baba Mueni."

"Nimeiangalia. Nayo imesimama."

Alijaribu kila njia. Alichora kwa mkono wa kushoto. Alifunga kipande cha makaa kwenye kijiti kirefu. Alichora bila kutazama karatasi. Kisha akawachora watu wa masoko kadhaa juu ya karatasi moja, mistari ikipandana. "Sasa wanapigana," akasema Bwana Ndolo. Mwalimu alicheka, lakini tuliokuwa karibu naye tulijua kwamba alitamani jambo hilo moja: watu wake waende, kabla mikono yake haijachoka.

Mwezi wa Machi 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa Machakos na baadaye Nairobi, akawa mvumilivu na mwenye shukrani kwa wauguzi. Kwa kuwa hakuweza tena kufika sokoni, alichora kwa kumbukumbu. Kadiri nguvu zilivyopungua alichora mistari michache zaidi, akiacha weupe mwingi kati ya mtu na mtu. Alimwambia dada yake Kasiva kwamba mwendo haumo ndani ya mtu, bali katika nafasi anayoiacha nyuma yake.

Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, baada ya ibada, Bwana Ndolo aliketi kando ya kitanda akaushika mchoro wa mwisho.

"Mama Mueni, hawa wote wanakimbilia wapi?"

Mwalimu akatabasamu. "Sikuwauliza, Baba Mueni."

Kisha akaomba chai. Aliaga dunia kwa utulivu alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025.

Ameacha mumewe, Bwana Erastus Ndolo, binti yao Mueni na mwana wao Kyalo, wajukuu wanne, dada yake Kasiva, na wanafunzi wengi kupita hesabu yetu. Mchoro ule umechapishwa nyuma ya kijitabu hiki. Familia inaomba kwamba asitafutwe mtu ndani yake.

Bwana ampe pumziko la amani, na wale aliowachora waendelee na safari yao.