Stika ya Mdomo Wazi

Shikamooni mama zangu. Wadogo, hamjambo? Mmeniita nisimame mbele ya kikundi chetu hiki cha kina mama wa Bagara, nami nitasema na kinyaa changu chote, maana bado ninacho.

Mnajua ninafanya kazi mapokezi kwenye ofisi moja hapa mjini. Usiku mmoja mwanangu Neema alishikwa na homa, nikakesha naye, asubuhi nikaenda kazini hivyo hivyo. Mchana usingizi ukanipitia mezani, mdomo wazi, udenda unatoka. Mwenzangu mmoja, simtaji, akanipiga picha. Hakuniamsha, wala hakuniuliza nina shida gani. Alinigeuza stika.

Ndugu zangu, nawaambia, ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Bosi akitangaza kikao, mtu anajibu kwa uso wangu. Bosi mwenyewe akaanza kuituma! Watu wazima, wenye watoto, wanachekea udenda wa mwenzao. Ikatoka ofisini ikazagaa. Siku moja dereva wa bajaji akanitazama kwenye kioo, akasema, "Sista, kumbe ni wewe yule wa kulala!" Nilishuka kabla ya kufika.

Nikaacha kula na wenzangu. Nikiona mtu ameinua simu, nafunika uso. Nikaamua kuacha kazi nirudi kwa mama, Dareda, na mtoto wangu mgongoni.

Kabla sijaacha, mama mmoja wa kikundi hiki akafiwa na mume. Tangazo likawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp sisi kina mama, pole zikamiminika, na katikati ya pole hizo, uso wangu. Mtu alitaka kutuma stika ya mshumaa, kidole kikakosea. Lakini jamani, ilikuwa inafanya nini kwenye simu yake? Aliihifadhi! Na yumo humu ndani. Naona mnaangalia chini. Angalieni tu.

Msibani nilikwenda kwa ajili ya mfiwa. Chakula kilipoiva, mwenyekiti wetu akasimama mbele ya sufuria la makande, upawa mkononi.

"Kila mtu atoe simu. Aifute ile stika ya Mama Neema nikiona, ndiyo apate sahani."

Bosi wangu, naye alimjua marehemu, alikuwa kwenye mstari. "Mama, mimi nitafuta baadaye."

"Basi na kula utakula baadaye, baba."

Akafuta. Mfiwa akanivuta nikae naye mkekani, akanisogezea sahani yake. Nililia, nikala mbele za watu. Kazi sikuacha.

Mwenyekiti, asante. Mama yetu mfiwa, asante. Ulikuwa na msiba wako ukabeba na wangu.

Wiki iliyopita nikamkuta yule aliyenipiga picha amelala mezani kwake, mdomo wazi. Mimi si malaika. Nilitoa simu, nikafungua kamera, na uso wake ukajaa kwenye kioo. Nikajionea kinyaa mwenyewe. Nikaiweka simu chini, nikavua kitenge changu cha begani nikamfunika.

Alipoamka alishtuka. "Umenipiga picha?"

"Hapana. Nyumbani kuna mgonjwa?"

Akajifuta mdomo. "Mama yangu," akasema.

Mama zangu, ukimkuta mwenzio amelala kazini, anza na swali hilo. Mimi nililingoja siku ile, na hakuna aliyeniuliza.