Bi Saandia, Mti wa Mpira na Mlango Uliobaki Wazi

Leo Ijumaa, tarehe 31 Machi 1978, Bi Saandia Mbaé anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuunganisha simu za watu, kwanza Mutsamudu, kisha hapa Moroni. Nimeombwa nimwandikie wasifu. Sikuchaguliwa kwa ufundi. Nilitazama huku na huku ofisini nikaona waliobaki wote wamejifanya wana kazi. Mtaniwia radhi nikiandika kichovu. Sote tumechoka, na anayesema hakuchoka basi mwaka jana hakuwepo visiwani.

Naandika kwa Kiswahili nilichokulia nacho Unguja, maana yeye ni wa kisiwa cha Ndzuani na mimi ni wa kisiwa hiki cha Ngazidja, na tangu tufahamiane hatujawahi kukubaliana jina la chakula chochote. Kwa Kiswahili angalau hakuna mwenye nyumba.

Bi Saandia alizaliwa Mutsamudu. Baba yake alikuwa kibarua wa kukata milangilangi katika mashamba ya manukato, kazi ya kuifyeka vichwa miti ili isikimbilie juu, itoe matawi chini, wanawake waweze kuyafikia maua. Binti yake hakutaka shamba. Aliingia ofisi ya simu mwaka 1949, akaanza kwa kupokea telegramu, baadaye akakabidhiwa swichibodi. Alipohamishiwa Moroni, alikuja na sanduku moja, shiromani yake nyekundu ya kujitanda, na sauti ambayo wateja waliitambua kabla hajasema neno la pili. Wapo waliopiga simu ili tu waambiwe kwamba laini haipatikani, mradi awaambie yeye.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, alichukia mlango kubamizwa, na aliweza kununa kuanzia adhuhuri mpaka kesho yake. Kikombe chake akikigusa mtu, ofisi nzima ilijua. Mimi, fundi wa laini ninayepanda nguzo, nilimwogopa yeye kuliko umeme.

Sasa nije kwenye mti, kwa sababu wasifu wa Bi Saandia usio na mti utakuwa wa mtu mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1975, baada ya uhuru, Wafaransa walipoondoka kwa mkupuo, mkuu wetu aliondoka nao. Alituachia swichibodi, viti visivyo na miguu ya kutosha, na mti wa mpira: ule wa majani mapana, manene, yanayong'aa, ambao watu wenye nafasi huuweka ndani ya nyumba kwa pambo. Ulikuwa ndani ya chungu karibu na dirisha. Bi Saandia ndiye aliyekaa nao karibu, basi ukawa wake.

Hakujua chochote kuuhusu. Kosa la kwanza alilifanya mwenyewe: aliona majani yamefifia, akayapaka mafuta ya nazi kama anavyopaka nywele. Yaling'aa asubuhi moja. Vumbi la barabarani likanata juu ya yote, mti ukawa wa kijivu, na ikabidi ayaoshe jani moja moja kwa sabuni huku akiunganisha simu za wizara. Tangu hapo aliyafuta kwa kitambaa chenye maji matupu, akilishika kila jani kwa chini lisivunjike.

Kosa la pili lilikuwa letu. Majani ya chini yalianza kuwa manjano na kudondoka. Bi Saandia akausogeza mti mlangoni, ukadondosha mengine kwa hasira ya kuhamishwa, akaurudisha dirishani. Akapunguza maji. Ukazidi. Alifika hatua ya kutowapa maji kabisa, mti na sisi pia, maana alipokasirika hakuchagua. Ikaja Ramadhani ya mwaka 1976, na katika mwezi ule, bila mtu kufanya lolote, mti ukatoa kichipukizi chekundu juu kabisa, kikafunguka kuwa jani.

Alikitazama, akatugeukia. Aliuliza swali moja tu: nani humwaga maji mle? Tulitazamana. Kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake. Mtu wa Ndzuani, aliyekulia kwenye mito, hawezi kuelewa: Ngazidja haina mto. Maji yetu ni ya mvua, tunayakinga mapaani na kuyahifadhi birikani, na mtoto wa hapa hufunzwa kutomwaga maji kabla hajafunzwa kusalimia. Sasa mtu akibakiza nusu glasi, aitupe wapi bila kuona aibu? Kulikuwa na kiumbe cha Mungu pale kwenye chungu. Tulimpa. Asubuhi, mchana, wa zamu na asiye wa zamu, na wateja pia. Sote tulikuwa tukijichumia thawabu, na mti ulikuwa ukifa maji. Ramadhani ndiyo iliyouokoa, kwa kuwa mchana hakuna aliyekuwa na glasi mkononi.

Toka siku ile sheria ikawa moja: kidole kwanza. Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, kunywa maji yako uyamalize. Mti ulipona, ila majani ya chini hayakurudi. Ukabaki shina refu tupu lenye kichwa cha majani karibu na dari, na hivyo ndivyo mlivyouzoea.

Kisha ukaja mwaka jana. Sitausimulia, kila mtu anao wake. Ofisi za serikali zilivunjwa, watumishi wakaambiwa warudi nyumbani, na siku moja aliingia Mouhidine, kiongozi wa kamati ya vijana wa mtaa, na wenzake, kuchukua ufunguo wa ofisi. Alimsalimia Bi Saandia kwa adabu, "Kwezi, koko," kama kijana anavyomsalimia bibi yake, akaitikiwa. Akauonyesha mti kwa kidole, akasema hilo ni pambo la mkoloni, litolewe nje.

Bi Saandia hakubishana juu ya mkoloni. Alimweleza kwamba mti huu hauhimili kuhamishwa, ukiutoa juani utaungua, na kwamba anaomba jambo dogo: abaki na ufunguo, aje asubuhi kuumwagilia, mpaka mti ufe wenyewe. Mouhidine aliutazama ule mti usio na majani ila kichwani. Nadhani aliupa wiki mbili. Akasema mbele yetu sote, "Haya, koko. Mpaka ufe."

Basi akawa anakuja. Alichomeka kidole, akafuta majani, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa mkononi, akafuta na swichibodi. Siku moja taa ya laini ya Mutsamudu ikawaka. Angefanyaje? Aliketi akapokea. Kesho yake nilikuja na mimi, nikidai nimesahau koleo. Nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani kuliko nilivyowahi kuchoka juu ya nguzo.

Hao waliopiga walikuwa na haja kubwa. Ndugu zetu waliokimbizwa na machafuko kutoka Mahajanga, ng'ambo ya bahari, walikuwa wameshushwa huku na kule, mume Moroni, mke Mutsamudu, watoto kwa jirani aliyewabeba. Waliukuta mlango mmoja wazi mjini, mlango wa mti. Wakakaa kwenye benchi letu. Bi Saandia alimwita Bahiat, opereta wa Mutsamudu, naye alituma watu bandarini na misikitini kuuliza majina. Namkumbuka Moinaecha, aliyekuwa na duka la vitambaa kule Mahajanga. Mume wake alipopatikana na kuletwa kwenye simu, yule mama aliikumbatia simu kwa mikono miwili. Alilia tu. Bi Saandia akamwambia, "Lia, mwanangu, laini ni yako," akavua vifaa vyake masikioni na kutoka nje, yeye ambaye hakuwahi kuiacha swichibodi hata kwa sala bila kumweka mtu. Mouhidine naye alikaa kwenye benchi lile, akimtafuta dada yake. Alipatikana. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za mti, ila neno lake halikufutwa, na wakubwa wake hawakulisahau.

Mwezi wa Novemba Bi Saandia alichubua gamba la shina kwa mzunguko chini ya kichwa cha majani, maziwa ya mti yakatiririka, akayafuta. Akapafunga kwa makumbi ya nazi yaliyolowa na nailoni juu yake. Tulidhani mti umeumia. Mwezi huu mizizi ilionekana ndani ya nailoni, na Jumatatu wiki iliyopita alileta msumeno. Nilimsihi. Nilimwambia akikikata kichwa, tutabaki na fimbo, na ahadi ilikuwa mpaka mti ufe. Akanijibu kwamba baba yake alikata vichwa vya miti maisha yake yote na hakuna uliomlaumu. Akakata. Kichwa akakipanda kwenye kopo kwenda nacho Mutsamudu. Kwetu ikabaki fimbo.

Nilikasirika, niseme ukweli. Nilidhani anajichukulia mti wake na kutufungia mlango. Jumamosi Mouhidine alipita, akaikuta fimbo ile, akasema kwa masikitiko kwamba lazima aripoti. Ijumaa, siku ya kumuaga koko, atakuja kuutazama mara ya mwisho, na ukiwa umekufa atachukua ufunguo. Wanaosubiri kwenye benchi walisikia. Bi Saandia alichomeka kidole kwenye udongo, hakumwagilia, akaendelea na kazi. Sikulala vizuri siku hizo, na sidhani niko peke yangu.

Jumatano asubuhi niliona kitone chekundu ubavuni mwa shina. Jana vilikuwa viwili. Chini, mahali mkono unapofika.

Sasa Mouhidine ameketi hapa pamoja nasi, na ameshaviona. Ufunguo ninao mimi. Bi Saandia ameniwekea kiganjani leo asubuhi bila hotuba. Karamu kubwa siku hizi zimekatazwa, kwa hiyo tunamuaga kwa chai na mkate wa sinia, na nawaomba kila mmoja amalize chai yake, asimwage popote.

Bi Saandia, kazi yako tumeila na kuinywa, na shukrani zetu ni ndogo kuliko ulichotufanyia. Tumechoka, na kesho tutakuja tukiwa tumechoka vilevile. Upumzike, uwe na afya, na kichwa cha mti ulichokifunga ndani ya shiromani kifike salama na kishike kwenu Mutsamudu. Kila asubuhi laini ikifunguka, Bahiat atapokea ujumbe wa kukufikishia kabla ya simu nyingine yoyote, nao utakuwa ni ule ule: haujafa.

Ridjali, fundi wa laini