Midomo ya Vishram

Kijiwe chetu hapa Kolhapur, Uhindini, ni benchi la mbao mbele ya duka la chai la Abaji, ng'ambo ya ukumbi wa sinema. Mimi wananiita Mdomo, kwa sababu picha zenyewe hazisemi, na kazi yangu ni kusimama kando ya pazia nikiwasomea maandishi wasiojua kusoma. Wenzangu ni Mkono, anayezungusha mpini wa kamera. Kinanda, ambaye jina lake ndiyo kazi yake. Na Pehelwani, mpiga mieleka mstaafu anayeigiza majitu. Wiki hiyo ukumbi ulikuwa unaonyesha picha ya malkia anayejitosa mtoni. Malkia alikuwa Vishram, kijana wa kiume, maana mama gani wa kwetu atamruhusu bintiye asimame mbele ya kamera? Siku ya kupiga kipande hicho sari ya yadi tisa ililowa ikamvuta chini, akafa kweli. Bwana mkubwa, mwenye kampuni yetu ya picha, hakukikata kipande hicho. Aliagiza kiandikwe "Ewe mto, nipokee", na maneno hayo ndiyo ninayosoma kila siku.

Mchana huo tulikuwa hatuna raha. Hausabai, dada yake Vishram, alikuwa ndani ya ukumbi anatazama picha hiyo. Mama yao yuko kitandani, hatafika mwisho wa mwezi, na amemtuma amletee neno la mwisho la mwanawe.

— Mwambieni hilo la mto, nikasema.

— Hasemi hilo, akajibu Pehelwani. Nimemtazama midomo. Anamwita mama yake.

Kinanda akatikisa kichwa. Jumatatu, alisema, Vishram alifungua kinywa mara tatu pale kwenye pazia. Jana mara tano.

— Wewe chai imekupanda kichwani, nikamwambia.

— Muulize Mkono.

Mkono alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kupoa. Akasema siku ya kukipiga kipande kile alikipima kwa pumzi zake, kama kawaida yake, zikawa kumi. Sasa zinafika kumi na tatu. Mwendesha mashine ya kuonyeshea picha ameapa hajapunguza mwendo.

— Sasa anaita na majina, Pehelwani akasema kwa sauti ya chini. Jana kuna mama upande wa wanawake aliitika "abee", halafu akaanza kulia. Aliitwa na nani?

Hakuna aliyecheka. Nikawaambia ukweli, kwamba tangu juzi nasoma nikiwa nimeligeuzia pazia mgongo. Naogopa.

Watu wakaanza kutoka ukumbini. Hausabai akavuka barabara, ushungi wa sari kichwani, macho makavu. Tukamsogezea nafasi, hakukaa.

— Kaka zangu, kile kilichosomwa ndicho alichosema?

— Hapana, dada, nikasema. Kile kimeandikwa baadaye. Picha haina sauti.

— Najua haina. Siku ile mtoni, ninyi mlikuwepo?

Tulikuwepo, wote wanne.

— Kinanda kilikuwa kinalia?

— Hapana, akasema Kinanda. Nilikiacha kwenye gari la ng'ombe.

— Mto ulikuwa na kelele?

— Ulikuwa umetulia, akasema Mkono.

— Basi mimi siulizi picha. Nawauliza ninyi mliokuwa na masikio. Alisema nini?

Abaji alikuja na birika, akaona nyuso zetu, akarudi nalo. Mbele ya kamera Vishram alikuwa anasema lolote, kwani nani angesikia? Aliwahi kulia machozi ya malkia huku akimtukana mpishi wetu. Kwa hiyo siku ile alipopiga kelele, Mkono aliendelea kuzungusha, mimi nikaendelea kumwelekezea usoni mwanga wa jua kwa ubao wa bati, na wote tulikuwa tunacheka kwa jinsi alivyojua kuigiza, vicheko vyetu vikayafunika maneno yake.

Hausabai akakaa mwisho wa benchi, akaweka kifurushi chake mapajani, akangoja jibu.