Sifuri za Dada Mvua

Dada yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Mvua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Mimi ninayesoma wasifu huu ni kitindamimba wao, niliyelelewa mgongoni mwake na kumchosha sana.

Alimaliza sekondari mwaka 1970. Hesabu zilimpiga chenga, lakini jiografia, lo, hakuna aliyemfikia.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa. Kila siku saa tatu asubuhi alitoka uani kutazama kipima mvua, hata kiangazi kilipokausha kila kitu. Wiki ya kwanza hakukunyesha, naye akachora vistari tu daftarini. Mkuu wa kituo akamwita: "Binti, kistari maana yake hukwenda kutazama. Ukienda ukakuta pakavu, andika sifuri." Alijifungia chooni akalia, kisha akarudi kuandika sifuri. Alisema mbingu zile kavu zilimfundisha kusali kuliko mahubiri yote. Mchungaji, utuwie radhi.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, aliyezoea kulalamika kwamba kipima mvua ndicho mume wa kwanza, yeye wa pili. Shemeji alitutoka mwaka 2009. Dada alistaafu miaka miwili baadaye, akaweka kipima mvua chake nyuma ya jiko.

Machi 2018 nilimzika mke wangu, nikaacha kusali. "Nasali, sipati kitu!" nilimfokea. Hakunibembeleza. "Basi andika sifuri, mdogo wangu. Usiniandikie kistari." Nilinuna mwezi mzima.

Februari mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alipolazwa aliniachia daftari lake, na kila nilipoingia wodini aliuliza, "Umetazama?" kabla hata ya salamu. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu nilikwenda nyuma ya jiko lake. Pakavu. Nikaandika sifuri, nikapiga magoti palepale, mara ya kwanza kwa karibu miaka saba. Sikusikia kitu. Kesho yake nikapiga magoti tena.

Ameacha mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, na mimi.

Lala kwa amani, Dada. Leo asubuhi nimetazama.