Neno la Bi Abezash

Tilahun aliendesha gari lake la farasi bila kugeuka, ila masikio aliyaacha kwa abiria wake wawili. Bi Abezash, mfinyanzi, alikuwa akienda kwa wazee kanisani kulalamika. Arusini, jirani yake alimpa kahawa katika kikombe kilichomeguka, kisha akakivunja ili mwingine asikinywee, kwani wafinyanzi huhesabiwa najisi.

"Waambie ni mila tu, dada yangu," alisema mzee aliyepandia njiani. "Ukisema bedel, yaani umedhulumiwa, unamshtaki mtu."

"Ndiyo maana nalitaka neno hilo, baba. Mila haina mtu wa kuniomba radhi. Bedel inaye."

"Lakini wafinyanzi wote hufanyiwa hivyo!"

"Basi wenye kuniomba radhi ni wengi. Birika la kahawa ile nililifinyanga mimi. Mbona hilo hawakulivunja?"

Mzee akakohoa. Tilahun akacheka, na farasi akadhani ameambiwa akimbie.

Gari liliposimama kanisani, mzee alishuka kwanza. Alisita kidogo, kisha akamnyooshea mkono ashuke. Bi Abezash akautazama mkono ule, akaushika.

"Ahsante, baba. Bado ni bedel," akasema, akaenda walikoketi wazee.