Sogea, Mama

Bilkisi hakukusudia kusikiliza, lakini wanawake wawili waliokaa mbele yake katika taksi ya Kasulo hawakuwa wakinong'ona. Mmoja alikumbatia bahasha ya picha ya eksirei ya ziwa lake kutoka hospitali. Mwenzake, waliyekutana naye humo humo garini, alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu kwa niaba yake.

"Docteur alisema picha iko safi? Basi furahi, mama!"

"Iko safi sababu kivimbe haikuingia mu picha. Iko huku juu, karibu na kwapa. Ule tata wa mashini, ule mwanaume mwenye kupiga picha, alipaswa kuvuta ziwa yote iingie mu mashini, lakini aliogopa kunigusa, na mi nilisikia haya. Akasema tu, 'Sogea, mama.' Nikasogea."

"Sasa?"

"Nilisogea nyuma."

Bilkisi alitaka kucheka, akageukia dirisha.

"Rudia, bapige ingine."

"Nilirudia, bakakataa. Docteur anasema picha haidanganye."

"Si unaona? Amini picha, mama!"

Taksi ikasimama. Mwanamke mwenye bahasha akahitaji mikono yote miwili kushusha mfuko wake wa unga, kwa hiyo akaibana bahasha kwapani, palepale penye kivimbe, akashuka.